Askari Asiye na Mfuko

Nilijua kupiga pasi khaki kabla sijajua kusoma vizuri. Baba yangu alikuwa askari wa bandari kule Tanga, na sare yake ilikuwa shughuli ya nyumba nzima: mama anaitia wanga, mimi nashika pasi ya mkaa, kaka zangu wanang'arisha vifungo. Baba akitoka mlangoni, mstari wa suruali umesimama wima, majirani walisema, "Askari huyo anapita," nami nikavimba kichwa siku nzima. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaninyooshea kidole kwa yaliyotokea Doornfontein, mtaa wa huku Johannesburg. Neno hilo kwetu lilikuwa neno la heshima, na mimi ni binti wa mwenyewe.

Watu wa Tanga tunatambulika kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Mimi nilikuja Johannesburg kumsalimia shangazi, na mpaka leo sijaondoka. Nina chumba cha kushonea katika jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha mashati, si mbali na chuo kikuu, na juu yangu kuna ukumbi walioupanga Wakongo kwa ajili ya kanisa lao. Jumapili wakianza ngoma na magitaa, sindano zangu zinacheza ndani ya kopo. Mimi ni Mwislamu na Jumapili ni siku yangu ya kazi, kwa hiyo nyimbo zao nazijua zote, hata sauti ya pili. Pasta wao, mtu wa Lubumbashi anayevaa suti hata akienda kununua mkate, alipenda kunitania.

"Mama fundi, weye njo mukristo wa ghorofa ya chini."

"Pasta, mimi nimepanga chini," nikamjibu. "Kuhamia juu sijasema."

Getini alikaa mlinzi, naye Mkongo, mzaliwa wa upande wa Uvira, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Wote tulijua kwamba kule kwao aliwahi kubeba bunduki. Hakuna aliyemuuliza zaidi, maana katika kanisa lile kulikuwa na watu waliowakimbia wabeba bunduki, na kuuliza ni kuchokonoa kidonda. Aliishi na mkewe na binti yao mchanga katika chumba kidogo nyuma ya geti, chumba kilichokuja na kazi. Majira ya baridi, giza linapowahi kuingia, alikuwa akinisindikiza mpaka kwenye robot ya kona, taa za kuongozea magari, nipate teksi, kwa sababu pale si mahali pa mwanamke kusimama peke yake na mkoba. Hakuwahi kutaka shukrani. Nikimshukuru husema, "Sharp, mama," kisha anageuka kurudi kwenye geti lake.

Juu ya mlinzi kulikuwa na mzee. Ndiye aliyeshika funguo za jengo zima. Mwenye jengo hatukuwahi kumwona. Mzee huyo alikuwa Mzulu, mzaliwa wa Soweto, mtu wa kofia masika na kiangazi, na sote tulimwita mkhulu, yaani babu. Nani apange, nani alinde, taa ya nani itengenezwe, aliamua yeye. Hata mlinzi ni yeye aliyemwajiri, na akampenda. Asubuhi ungewakuta wawili wakinywa chai getini, mzee akimfundisha Kizulu neno kwa neno, na alipokosea wanacheka wote.

Basi siku moja pasta akateremka chumbani kwangu, suti na tai, macho yanang'aa.

"Mama fundi, tunafanya teatre. Ni mambo ya zamani sana, wakati bafalme ba Roma balishaanza kusali, lakini roho zao zilikuwa zingali za ukubwa. Basoda banazunguka kanisa. Batu beko ndani, banaimba. Nataka unishonee basoda."

Nilisimamisha cherehani. Kwetu soda ni kinywaji, tena cha baridi, chenye mrija. Nikaona chupa za machungwa na za kola zimelizunguka kanisa, na nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Pasta alisubiri kwa upole wa mchungaji mpaka nikamaliza, kisha akanieleza kwamba kwao soda ni mwanajeshi, na akanipa hadithi yote.

Palikuwa na mji mkubwa wa kale, na mfalme kijana aliyekuwa akiongozwa na mama yake. Mama mtu alitaka kanisa moja la mji ule wapewe watu wa upande wake, maana Wakristo wenyewe walikuwa wamegawanyika. Askofu akakataa. Watu wakajifungia ndani na kuimba zaburi, mchana na usiku, na mfalme akatuma askari walizunguke jengo. Kumbe baadhi ya askari wale nao walikuwa waumini. Wakasimama nje wakisikiliza nyimbo wanazozijua. Mwisho wakaingia. Wanawake wakapiga mayowe wakidhani mauaji yamewadia, lakini askari walikuwa wameingia kusali pamoja nao, na mfalme akabaki na jeshi lisilomtii.

"Niliisoma, ikanikamata hapa," pasta akasema akijigonga kifua. "Kule kwetu tunajua tu basoda benye kuingia kanisani na kutoa batu. Nataka batu baone na bale bengine."

Hadithi hiyo ilinigusa, siwezi kukana. Nikamwambia nitashona, ila tangazo lisiandikwe "Basoda". Mtanzania akiliona atapanda ngazi na kiu yake. "Andika Askari," nikasema. "Ni Kiswahili safi, kila mtu atakielewa." Pasta akakubali palepale, maana Wakongo hututania kwa Kiswahili chetu cha redio, lakini kikitakiwa cha kuandikwa wanakuja kwetu.

Kilichobaki kilikuwa kumpata askari. Vijana wa kwaya walijaribu, wakatembea kama wanakwenda kununua airtime kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Aliyejua kupiga mguu alikuwa mmoja tu, na hakutaka.

"Pasta, ile nguo nilishaiacha kule," mlinzi alisema, macho chini. "Sasa munataka niivae tena, mbele ya hawa bamama?"

"Huyu si soda wa kutoa batu," pasta akamwambia. "Huyu ni ule anaomba nafasi."

Maneno yake katika mchezo yalikuwa mawili tu. Afike mlangoni na wenzake, apige mguu, atue ngao, aulize, "Iko nafasi?" Na mama kiongozi wa kwaya, mwanamke wa makamo aliyepoteza nyumba na mume kule Kivu, ndiye wa kumjibu, "Ingieni." Mlinzi alifikiri siku kadhaa, akakubali. Nadhani ni mkewe aliyemsukuma. Alikuwa mwanamke wa kucheka, na alitaka kumwona mume wake akiingia kanisani kwa mlango wa mbele, siyo kusimama nje kila Jumapili akilinda magari ya waliomo ndani.

Nilikwenda Fordsburg kutafuta kitambaa chekundu. Nikazunguka maduka nusu siku nikitafuta nyekundu ya kijeshi, siyo ya harusi, na muuza duka mmoja wa Kihindi aliponiuliza ni ya nini nikamwambia ni ya jeshi la Rumi. Akanikatia bila kuniuliza tena. Mikanda niliikata kwenye ngozi bandia ya makochi. Kofia za chuma zilikuwa mabakuli ya plastiki yaliyopakwa rangi, na juu yake nywele za ufagio. Vazi lenyewe lilikaa vizuri sana, ingawa ni mimi ninayesema. Lilimkaa mlinzi mpaka magotini, na alipojiona kwenye kioo changu alitabasamu. Pasta akampiga picha palepale.

Picha ile wakaitia kwenye bango. Mlinzi wetu mzima mzima, mkono kwenye ngao, na chini yake kwa herufi kubwa: ASKARI. Wakalibandika kwenye mlango wa barabarani Jumatatu.

Nilipofika Jumanne asubuhi lilikuwa limechanwa. Vipande vilikuwa kwenye ndoo ya takataka, na mzee amekaa mezani kwake chini ya ngazi, funguo za geti ziko mbele yake. Mlinzi alikuwa amesimama nje mikono mitupu. Nikamuuliza kulikoni.

"Eish, mama, sielewi. Amenipokonya funguo. Anasema mwisho wa mwezi nitoke na familia. Nikimuuliza nimefanya nini, anasema wewe mwenyewe umeandika."

Mkewe alikuwa mlangoni mwa chumba chao, mtoto mgongoni, ameanza kukusanya masufuria kwenye boksi. Siku ile hakuwa anacheka. Kuliona boksi lile tu, damu ikanipanda. Kupata chumba Johannesburg ukiwa mgeni na mtoto mchanga, katikati ya baridi, aliyepitia anajua.

Mimi Kizulu changu ni cha sokoni na Kiingereza changu ni cha vipimo vya nguo, lakini hasira ni mkalimani mzuri. Nikamwendea mzee, nikamwambia nimemheshimu miaka yote lakini leo amenishangaza, kumtupa mtu nje kwa sababu ya picha ya mchezo wa kanisani! Mzee hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akanionyesha nikae, akaanza kunieleza polepole, akichanganya lugha ili nisipotee.

"Mama, unajua askari ni nini katika nchi hii?"

"Namjua sana. Baba yangu alikuwa askari."

Alirudisha kiti chake nyuma. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba kwa miaka yote amekuwa akimpa chai nyoka. Ndipo nilipotambua kwamba tunasema neno moja na hatusemi kitu kimoja, na hasira yangu ikaanza kupoa yenyewe.

Akanieleza. Katika siku za ubaguzi, alisema, kijana wa mtaani kwao alikwenda kupigania uhuru, makaburu wakamkamata, wakamvunja, wakamgeuza. Kisha wakamrudisha nyumbani na sura ileile watu waliyoizoea, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wenzake. Huyo ndiye aliyeitwa askari. Mmoja wa namna hiyo alikula nyumbani kwao mzee. Mama yake alimpa paja la kuku, lile la mgeni. Muda si mrefu kaka mkubwa wa mzee akachukuliwa, na mpaka leo hawajui amezikwa wapi.

"Mama yangu amekufa akiuliza habari ya paja lile," akasema. "Hakuuliza kwa nini walimchukua mwanawe. Aliuliza, kwa nini nilimpa paja."

Kwetu tunasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa nimeusema msemo ule mara nyingi mno kwa mzaha. Nikamwambia pole, baba. Kisha nikamweleza habari za bandari, za pasi ya mkaa, za vifungo. Nikamwambia kwetu askari ni mtu wa zamu tu, alindaye mali ya watu.

"Alindaye," akarudia. Neno limemgonga sikio. "Mtu anayelinda mnamwitaje?"

"Mlinzi."

"Umlindi," akasema.

"Mlinzi," nikasema.

"Umlindi." Tukatazamana. Nilidhani mambo yamekwisha, nikaanza kuinuka. Mzee akanizuia kwa kidole.

"Yule kijana, huko kwao alikuwa mwanajeshi?"

"Ndiyo."

"Akageuka?"

Hilo sikulijua, na lilikuwa swali la haki. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, baba." Nikatoka nikamwita mlinzi.

Alisimama mbele ya meza ile kama wanavyosimama mbele ya hakimu, akajibu kwa Kizulu alichofundishwa na mzee huyohuyo. Mimi nilishika nusu. Nusu nyingine alinieleza jioni tukielekea kwenye robot. Alisema ndiyo, aligeuka. Walikuwa wamewekwa kwenye kizuizi cha barabarani, na Jumapili kazi yao ilikuwa kuwanyang'anya waendao kanisani: maharage, kuku, hata sadaka. Mama mmoja mzee akafika na yai moja kwenye kitambaa. Alipomnyooshea mkono alitoe, yule mama alimtazama usoni akamuuliza, "Mutoto wangu, umekula?" Akampa yai, akaendelea na safari yake ya kanisani mikono mitupu. Mlinzi hakulila. Siku hiyohiyo aliiweka bunduki chini akatoroka, na waliokuwa wenzake mpaka leo wanamwita msaliti.

"Kwa hiyo, mkhulu, lile neno ni langu," alimalizia. "Nimegeuka. Lakini sikumwonyesha mtu kidole."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia, akaifuta kwa mkono, akaivaa tena. "Nimesikia," akasema. Funguo zikabaki mezani.

Siku zilizofuata jengo lilikuwa zito. Pasta alitaka kuufuta mchezo; aliogopa mzee atafunga ukumbi na kanisa nalo litabaki barabarani. Mlinzi ndiye aliyekataa. "Nilisema nitaingia. Nitaingia," alisema, sauti ndogo ileile. Mimi nikachukua shuka jeupe nikashona bango jipya, herufi za kitambaa chekundu kilichobaki: WALINZI. Bango la karatasi huchanwa, nikajiambia; hili atahitaji mkasi.

Jumapili ilipofika watu walijaa kwenye ngazi, ukumbi umefungwa. Nilikuwa miongoni mwao, nimevaa baibui yangu nzuri, maana niliwaambia nakwenda kutazama mishono yangu tu. Pasta alikuwa akitokwa jasho kwenye baridi. Kisha mzee akapanda ngazi, koti na tai, hatujawahi kumwona hivyo. Akafungua mlango bila kumtazama mtu, akaingia wa kwanza, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Kofia yake akaiweka kwenye kiti cha pembeni.

Mchezo ukaanza. Kwaya ilikaa mbele ikiimba kama watu waliofungiwa, na wengi wao hawakuhitaji kufundishwa. Nje, kwenye ngazi, tukasikia miguu. Katika mazoezi mlinzi alivaa sweta na raba, tukacheka. Siku hiyo alivaa buti zake za kazi, na mguu wake ulipogonga sakafu ile ya mbao ya kiwanda, vichwa vyote viligeukia mlangoni. Mama mmoja alimvuta mtoto wake chini ya kiti. Mlango ukafunguka. Akaingia, mwekundu, mrefu, nyuma yake vijana wawili wenye nywele za ufagio. Akatua ngao.

"Iko nafasi?"

Mama wa kwaya akafungua mdomo. Neno halikutoka. Niliona mkono wake ukitafuta wa jirani. Hakuwa akiigiza. Mlinzi naye aliona, na nilimwona akianza kuyumba, jitu lile zima. Akatazama mlango aliotokea. Nikasema moyoni, akirudi nyuma sasa hatarudi tena, si kwa kanisa hili wala kwa jengo hili. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeomba maji.

"Iko nafasi?"

Mzee hakujua Kiswahili. Lakini katika Kizulu wanasema ikhona, yaani iko, na swali la mtu aliyesimama mlangoni halihitaji kamusi. Alinyoosha mkono, akaiondoa kofia yake kwenye kile kiti cha pembeni, akaiweka magotini.

"Ikhona," akasema. "Hlala, mlindi."

Kaa, mlinzi. Hilo kila mtu alilielewa. Mchezo ulitaka askari aende mbele apige magoti, mlinzi hakwenda. Aliketi palepale kando ya mzee, bakuli kichwani, na ndipo mama wa kwaya alipopata sauti. "Ingieni," akasema huku analia, "ingieni bote," na vijana wa nywele za ufagio wakaingia, kwaya ikapokea kwa nguvu, na mimi Mwislamu wa ghorofa ya chini nikaimba sauti ya pili. Sikujali nani ananitazama.

Katikati ya wimbo niliona mzee akiingiza mkono kwenye koti. Akatoa funguo za geti, akamtilia mlinzi kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yazo.

Na hapo ndipo nilipoona kosa langu la ufundi. Mlinzi alijipapasa kiunoni, akajipapasa kifuani, akageuka kunitafuta kwa macho. Jeshi zima la Rumi nililishona bila mfuko hata mmoja. Hakuwa na mahali pa kuziweka, kwa hiyo alizishika mkononi ibada nzima, na kila walipopiga makofi tulizisikia. Mkewe, mtoto mgongoni, alicheka mpaka akatoka nje.

Jumatatu aliniletea vazi lile. Nikalifumua ubavuni, nikatia mfuko.